Kisima cha Msikiti na Dawa Isiyoonekana

Masika yalikuwa yanaishia pale alipofika mbele ya kamati ya msikiti wetu, hapa Ifakara, kijana mmoja mfanyabiashara. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, akasalimu kwa adabu, akaweka juu ya jamvi bomba jeupe la plastiki lenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Ndani ya bomba hilo, alitueleza, mmeshindiliwa nyuzi za mmea zilizotengenezwa kwa ufundi maalumu, nazo hunasa mabaki ya antibayotiki yaliyomo katika maji, yaani dawa zile ambazo Kiswahili sanifu huziita viuavijasumu. Kisha akataja bei, na wajumbe wawili watatu wakakohoa.

Kwa desturi tungemshukuru na kumwombea heri katika safari yake. Mara hii hatukuweza kuachana naye upesi, kwa kuwa tulikuwa na amana mikononi. Familia moja ya mtaa wetu ilikuwa imeikabidhi kamati fedha kwa ajili ya kisima cha msikiti, ziwe sadaka yenye kuendelea kwa marehemu baba yao. Fedha hizo zilitosha jambo moja, hazikutosha mawili. Na kisima kilikuwa na haja. Tangu mafuriko ya mwaka 2024, maji yalipoingia majumbani na vyooni, kisima chetu kimerudi kutoa maji maangavu, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, lakini wazazi wa watoto wa madrasa hawajaacha kutulalamikia kwamba watoto wanaharisha. Watoto hao hunywa maji yale yale wanayotawadhia.

Ndipo mama mmoja, mjumbe wa kamati ya akina mama, alipouliza kutoka nyuma ya pazia: "Katibu, hizo dawa zimeingiaje kisimani? Kaziweka nani?" Hakuna aliyemjibu. Tukapewa wiki tatu tuchunguze na kuleta taarifa. Makala haya ni sehemu ya taarifa hiyo, na tumeyaandika kwa ukurasa wa familia kwa sababu swali la mama yule lilitupeleka majumbani kabla ya kutufikisha kwenye nyuzi za kijana.

Tuanze na kilicho wazi, na wasomaji watuwie radhi kwa kutaja yasiyotajwa mezani. Mtu anapomeza kidonge cha amoksilini, mwili hautumii chote. Zaidi ya nusu ya dawa hutoka katika mkojo ndani ya saa chache, ikiwa nzima kama ilivyoingia na nguvu zake zote. Siprofloksasini, ambayo wengi wetu tumewahi kuandikiwa kwa ajili ya taifodi au UTI, karibu nusu yake hutoka kwa njia hiyo hiyo. Oksitetrasaiklini, ule unga wanaotiliwa kuku katika maji ya kunywa, sehemu yake kubwa hupita tumboni mwa kuku na kuishia katika kinyesi, na kinyesi hicho ndicho mbolea ya mchicha wetu. Choo cha shimo hakivunji dawa hizi kwa siku moja. Mvua ikinyesha, na Kilombero mvua haijui ubahili, maji ya juu hukutana na maji ya chini, hasa katika bonde hili ambalo mtu akichimba mita chache tu amekwisha kuyafikia maji.

Kinachoingia ardhini hapa hakikai hapa. Mto Kilombero ndio unaoupa Mto Rufiji maji mengi kuliko matawi yake mengine, na bonde letu limo tangu mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa kwa Mkataba wa Ramsar. Majirani zetu wa Afrika Mashariki na Kusini wamekwisha kupima maji yao. Watafiti waliochukua sampuli Nairobi na Kisumu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016, walikuta mabaki ya dawa katika majitaka, katika mito na hata katika maji ya visima. Zambia, nchi ambayo reli ya TAZARA ipitayo hapa kwetu inaelekea, wenzao walipima eneo la Chunga, pembezoni mwa Lusaka, wakakuta antibayotiki na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika mkojo uliokusanywa kutoka vyooni, na pia katika maji ya ardhini na ya mto.

Tusitiane hofu kupita kiasi. Mabaki hayo mara nyingi huhesabiwa kwa mikrogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Tukichukua maji yenye mikrogramu moja katika kila lita, mtu anayekunywa lita mbili kwa siku atahitaji zaidi ya miaka 600 kufikisha kidonge kimoja cha miligramu 500. Kiasi hicho hakimponyi mtu wala hakimdhuru papo hapo. Tatizo liko kwa vijasumu wenyewe. Imethibitishwa katika maabara kwamba hata dawa kidogo mno, isiyotosha kuwaua, huwapa nafasi wale wachache wenye uwezo wa kuihimili. Hao huzaana, wenzao dhaifu wakapungua, na uwezo huo huwapasia hata vijasumu wa jamii nyingine. Shimo la choo, banda la kuku na kisima kifupi ni mahali pazuri sana pa kukutania.

Hapa Ifakara tumelelewa katika hofu ya malaria, na si bure. Utafiti wa maradhi ya kitropiki ulianza katika mji huu tangu miaka ya 1950, na Taasisi ya Afya Ifakara inajulikana duniani kwa kazi ya mbu na malaria. Kwa hiyo tulipokuta takwimu moja kutoka Hospitali ya Taifa Muhimbili tuliisoma mara mbili. Watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 wa hadi miaka saba waliolazwa huko mwanzoni mwa karne hii, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Miongoni mwa watoto ambao damu yao ilikuwa imeingiliwa na bakteria wa kundi liitwalo Gramu hasi, asilimia 43.5 walifariki. Kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Na katika mambo yaliyotabiri kifo, mojawapo lilikuwa kupewa dawa ambayo kijasumu alikwisha kuizoea. Mama alimfikisha mwanawe hospitali, dawa ikachomwa, na haikufanya kazi. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba usugu wa vijasumu dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 katika mwaka 2019.

Mjumbe mmoja, mzee wetu tunayemheshimu kwa elimu yake ya fiqhi, alitusimamisha hapo. "Katibu, unatutia wasiwasi. Maji hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Udhu wetu una kasoro gani?" Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni kwamba udhu hauna kasoro. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani na bara hii, maji yakishafika qullatain, ambayo ni takriban lita mia mbili na ushei, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa zake tatu ibadilike. Kisima chetu kina zaidi ya kipimo hicho. Tena dawa yenyewe si najisi. Lakini twahara ni mlango mmoja na madhara ni mlango mwingine. Mwaka 1398 Hijria, sawa na 1978, Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia liliulizwa juu ya majitaka yaliyosafishwa kwa mitambo. Lilijibu kwamba yakiondokewa na rangi, ladha na harufu ya najisi, kwa ushahidi wa wataalamu waaminifu, yanarudi kuwa twahara. Ila likaongeza kwamba kama yana madhara kwa afya, basi yaepukwe kwa ajili ya kujikinga na madhara, hata kama si najisi. Mzee wetu alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo umenipata." Ni nadra sana kwa katibu kusikia maneno hayo.

Sasa tuje kwenye nyuzi za kijana, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kweli na lina uzuri wake. Yapo mambo mawili ambayo tusiyachanganye: kufyonza, kama sifongo linavyonywa maji yakaingia ndani yake, na kunasa juu ya uso, kama vumbi linavyoshika juu ya kanga iliyolowa. Chujio la namna hii hufanya kazi ya pili. Molekuli ya dawa inapita na maji, inagusa ukuta wa uzi, inashikwa, na maji yanaendelea na safari. Tanzania tunaujua ufundi huu kwa sura nyingine. Kule Ngurdoto, mkoani Arusha, kipo kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia maji yenye floridi nyingi, yale yanayowatia watoto meno ya rangi ya kahawia, kwa kuyapitisha katika mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa. Floridi hubaki katika mifupa, maji yakatoka.

Kwa kunasa, uso mkubwa ndio mtaji. Gramu moja ya mkaa uliotayarishwa kwa mvuke au kemikali mpaka ukajaa vitundu visivyoonekana inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000, mahali ambapo ungeweza kutandika miswala zaidi ya elfu moja. Uzi una faida nyingine juu ya punje: ni mwembamba, vitundu vyake viko karibu na nje, maji hayasafiri mbali kuvifikia, kwa hiyo hunasa upesi. Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu katani, makumbi ya nazi, sufi, dodoki na makapi ya miwa. Msomaji wa Morogoro atatabasamu hapa. Katani imelimwa Kilosa tangu enzi za mababu, na makapi ya miwa pale Kidatu ni milima, huchomwa kuendeshea mitambo ya kiwanda cha sukari.

Uzi mbichi, hata hivyo, ni mvivu. Umefunikwa na nta na utomvu wa mmea, na kwa asili yake hauna mvuto mkubwa kwa dawa. Ndiyo sababu hubadilishwa. Kwanza huoshwa kwa soda kali ili nta iondoke na uzi ubaki uchi. Kisha hubandikwa vishikio kwa mujibu wa dawa inayowindwa. Dawa yenye chaji hasi hutafutiwa uzi wenye chaji chanya, na kinyume chake, maana vitu hivi huvutana kama sumaku. Njia mojawapo ni kuupika uzi pamoja na asidi ile ile iliyomo katika limau, ikang'ang'ania na kuacha mikono yake nje. Njia nyingine ni kuutia madini ya chuma. Hii ya chuma inaeleweka vizuri na kila mama aliyewahi kuambiwa na muuguzi asimeze tetrasaiklini pamoja na maziwa. Sababu ya katazo hilo ni kwamba tetrasaiklini huyakumbatia madini ya kalsiamu yaliyomo katika maziwa, ikashindwa kuingia katika damu. Tabia hiyo hiyo inayoiharibu dawa tumboni ndiyo inayoinasa katika uzi wenye chuma.

Tulifurahi kuyajua haya. Kijana aliporudi tulimpokea kwa heshima zaidi kuliko mara ya kwanza, tukamuuliza mambo matatu. Je, nyuzi zake zimepimwa kwa maji kama ya Ifakara? Majaribio mengi hufanywa kwa maji safi ya maabara yaliyotiwa dawa moja tu, tena nyingi. Maji ya bonde letu wakati wa masika ni mekundu kwa udongo na majani yaliyooza, na uchafu huo hugombea vishikio vile vile na dawa; vishikio vikijaa tope, dawa hupita. Pili, tutajuaje kwamba nyuzi zimeshiba? Chujio la mchanga likiziba maji hupungua na kila mtu huona. Chujio la kunasa likishiba, maji huendelea kutoka maangavu kama jana, na dawa imo. Tatu, nyuzi zilizoshiba zikatupwe wapi? Zikitupwa shambani, dawa imerudi ardhini kwa mlango wa uani; zinatakiwa kuteketezwa kwa moto mkali au kusafishwa na mtaalamu.

Kijana hakuwa na cheti cha maabara. Kwa insafu, hakudanganya. Alisema yeye ni muuzaji, aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, akaahidi kwenda kuuliza. Tukamwuliza la nne, ambalo lilitoka kwa yule mama wa nyuma ya pazia: je, nyuzi hizi zinaondoa vijasumu wenyewe, wale waliokwisha kuwa sugu? Akakiri kwamba haziwaondoi, na maji hayo bado yatahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini. Minong'ono ikapita msikitini. Kinachowaharisha watoto wa madrasa ni vijasumu.

Baada ya hapo tulitoka nje na kamba ya kupimia. Kwa miezi mingi, tukubali, kidole cha mtaa kilikuwa kinamwelekea jirani yetu, mwalimu mstaafu, Mkristo, anayefuga kuku wa nyama upande wa mashariki wa uwanja. Tulipima kutoka kisimani hadi banda lake: mita 41. Tukapima kutoka kisimani hadi vyoo vya madrasa, tulivyovijenga wenyewe kwa michango ya waumini: mita 14. Umbali unaoshauriwa mara nyingi baina ya kisima na choo ni angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Chetu kiko upande wa juu. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mwenyekiti aliikunja kamba, akatuagiza tuandike vipimo vyote katika kitabu cha kumbukumbu, na tusiache hata kimoja.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kujisaidia katika maji yaliyotuama na katika njia za maji. Katazo hilo tunalisomesha watoto katika madrasa ile ile, mita 14 kutoka kisimani.

Kwa mwalimu mstaafu tulikwenda hata hivyo, jioni, wajumbe watatu. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, wanangu. Karibuni, leo mmekuja wengi, kuna msiba?" Tulimweleza habari ya kisima, na tukaanza na vyoo vyetu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia bila kuficha kwamba kuku mmoja akikohoa huwatilia dawa wote, na kwamba siku nyingine huwatilia kabla hajakohoa yeyote, kwa kuwa muuzaji alimwambia wanakua upesi. Tukamuuliza kuhusu siku za kusubiri, zile ambazo kuku aliyepewa dawa hapaswi kuchinjwa wala mayai yake kuliwa mpaka dawa imtoke mwilini. Alizijua. "Lakini soko halisubiri," alisema, naye alikuwa anasema kweli ambayo sisi wanunuzi tuna sehemu yetu ndani yake. Alitwambia atazungumza na ofisa mifugo kuhusu chanjo, ambazo humpunguzia mfugaji haja ya kutumia dawa.

Majumbani mambo hayakuwa tofauti sana na bandani. Akina mama wa kamati walizungumza wao kwa wao, wakatuletea muhtasari. Karibu kila nyumba ina chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyobaki nusu, au vidonge vya rangi mbili vilivyokatizwa siku ya tatu homa iliposhuka, vimewekwa kabatini vimngoje mgonjwa wa kesho. Wengi wamewahi kununua vidonge vinne tu katika duka la dawa muhimu kwa kuwa fedha iliyokuwepo ilitosha vinne. Wengi wamewahi kumpa mtoto amoksilini kwa mafua, na mafua huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haviwezi. Dada mmoja aliongeza kwamba zilizobaki huwa anazitupa chooni ili watoto wasizichezee. Aliona anafanya usalama, na kwa watoto wake ulikuwa usalama.

Kikao cha tatu kilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Adhana ya Alasiri ilitukuta tungali tunabishana juu ya bei ya saruji. Familia iliyotoa amana iliitwa, ikasomewa taarifa yote, pamoja na vile vipimo. Mtoto mkubwa wa marehemu alisema baba yake hakuusia bomba wala nyuzi, aliusia maji. Kwa idhini yao fedha zitajenga vyoo vipya vya madrasa upande wa chini wa uwanja, vyenye shimo lililojengewa; vya zamani vitanyonywa na kufukiwa; mdomo wa kisima utainuliwa kwa tofali na saruji ili maji ya mafuriko yasiingie, na yatakayonywewa na watoto yatatiwa klorini katika simtanki kwa kipimo cha mtaalamu. Jambo la chujio limeandikwa kuwa limeahirishwa mpaka muuzaji alete cheti cha maabara. Sisi binafsi tunatamani siku moja wataalamu wetu wa Sokoine, hapo Morogoro, watuletee nyuzi za makapi ya Kidatu zilizopimwa kwa maji ya Lumemo, na tumelisema hilo kikaoni ingawa halikuombwa.

Kuhusu dawa za majumbani, muumini mwenzetu ambaye ni mfamasia amekubali kuzipokea zile zilizobaki au kupitwa na muda, na kuzipeleka zinakoteketezwa. Boksi liliwekwa karibu na mlango wa akina mama Ijumaa iliyopita, lenye kufuli. Tulipolifungua baada ya swala tulihesabu chupa tisa za dawa ya maji, karatasi kumi na nne za vidonge, nyingine hazina hata jina, na pakiti moja ya unga wa kuku iliyofungwa vizuri kwa mpira, ambayo imamu alisema aliletewa nyumbani asubuhi na Mwalimu.